Rimu kubwa, mshiko mdogo: kisa cha Toyota 86 iliyogoma kukata kona

Gari lilipofika kwangu lilikuwa limependeza kuliko siku lilipotoka kiwandani, na lilikuwa linashika barabara vibaya kuliko siku hiyo hiyo. Mwenyewe, kijana ninayemfahamu tangu akiwa anaendesha gari la baba yake, alishuka, akazitazama rimu zake mpya za inchi 18, akaniambia: "Kaka, nimeweka tairi pana zaidi na rimu kubwa zaidi, lakini nikiingia kona pua inatoka nje. Zamani halikuwa hivi. Nimekosea wapi?"

Nimeamua kuandika kisa hiki chote, vipimo kwa vipimo, kwa sababu kosa lake ni la wengi, na linaanzia mahali pazuri kabisa: hamu ya kutaka gari lishike.

Lenyewe ni Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 pamoja na pacha wake, Subaru BRZ. Injini bapa ya lita 2, nguvu za farasi 200, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito wake ni kama kilo 1,240. Kiwandani linafungwa rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7, ofseti +48 (umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa kati wa rimu mpaka uso wake unaofungwa kwenye gari), nati tano kwenye duara la milimita 100, tundu la kati milimita 56.1, na matairi 215/45R17, yaani upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Matairi yaliyokuja nayo mara nyingi yalikuwa Michelin Primacy HP, tairi la mwendo wa utulivu ambalo liliwahi kufungwa hata kwenye baadhi ya Prius. Watu wengi waliposikia hivyo walidhani kampuni imebana matumizi. Sivyo. Mhandisi mkuu wa gari hilo, Tetsuya Tada, alitaka dereva wa kawaida alihisi gari likianza kuteleza akiwa bado kwenye mwendo anaoumudu, badala ya kulifungia matairi yanayoshika mno halafu yanaachia ghafla kwenye mwendo wa kutisha. Kwa hiyo nafasi ya kuongeza mshiko ipo, tena kubwa, na kijana hakukosea kuitaka.

Alichokuwa amefunga ni rimu za inchi 18 zenye upana wa 8.5, ofseti +35, na matairi 235/40R18 yaliyokuja pamoja na rimu kama seti moja. Kashata, yaani ule mpira wenye mifereji unaogusa lami, zilikuwa bado nene, na muuzaji alikuwa amemwambia ni kama mapya. Nilikandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye kashata. Kwenye tairi zima la spoti ukucha huacha alama inayojirudi polepole. Hapa ilikuwa kama nimeukandamiza kwenye soli ya kiatu cha kazi: hakuna alama yoyote. Nikatafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo mbili za mwanzo ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka wa kutengenezwa. 2318, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yake yalikuwa na umri wa miaka sita. Mpira hukauka hata ukiwa stoo, na unene wa kashata haukuonyeshi hilo.

Pembeni yake paliandikwa namba ya uchakavu 500. Namba hii inatokana na mfumo wa Marekani: tairi la kulinganishia linapewa 100, na lenye 500 linatarajiwa kudumu mara tano ya hilo katika jaribio la barabarani la maili 7,200. Watengenezaji hujipimia wenyewe, kwa hiyo usiitumie kulinganisha kampuni mbili kwa tofauti ndogo. Lakini 500 dhidi ya 200 ya matairi makali ya uwanjani si tofauti ndogo. Tairi la 500 limechanganywa lidumu, na mpira unaodumu sana kwa kawaida haunati sana. Herufi zinazofuata hapo, AA au A, nazo huwadanganya watu: zinapima breki za mstari ulionyooka kwenye lami iliyolowa, na hazisemi lolote kuhusu kona.

Kisha nikalipima uzito. Nilipanda kwenye mizani ya bafuni nikiwa nimelikumbatia gurudumu lake, nikapanda tena peke yangu, nikatoa. Kilo 22. Bahati nzuri alikuwa ameyatunza magurudumu ya kiwandani, nusu ya kashata ikiwa bado ipo. Hayo yalikuwa kilo 18 na kitu. Karibu kilo nne kila kona ya gari, na hizo si kilo za kawaida. Haziko juu ya springi, kwa hiyo kila tuta dogo linairusha tairi kwa nguvu zaidi na shokapu inachelewa kuirudisha chini. Tairi lililo hewani, hata kwa kufumba na kufumbua, halishiki kitu. Tena zinazunguka. Kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu, unapoongeza mwendo, inailemea injini karibu kama kilo mbili zilizowekwa kwenye buti.

Kipenyo nacho kilikuwa kimebadilika bila yeye kujua. Tairi la 215/45R17 lina kipenyo cha milimita 625. La 235/40R18 lina 645. Ongezeko la asilimia 3.2 linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini ni sawa na kurefusha gia zote kwa kiasi hicho, kwenye gari ambalo halina nguvu ya kuchezea. Na spidi mita ikisoma kilometa 100, gari liko kwenye 103.

Kuhusu ofseti nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokisia badala ya kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kutoa na kujumlisha tu. Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita. Jumlisha ofseti, unapata rimu inavyoingia ndani kuelekea shokapu. Toa ofseti, unapata inavyotoka nje kuelekea madigadi. Rimu ya kiwandani: nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, kwa hiyo inaingia ndani 136.9 na kutoka nje 40.9. Rimu zake: nusu ya 8.5 ni 107.95, kwa hiyo zinaingia ndani 142.95 na kutoka nje 72.95. Ndani zimeongezeka milimita sita tu, nje 32. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imelambwa mpaka ikang'aa. La maana zaidi kwa mshiko, mstari wa kati wa tairi umesogea nje milimita 13 kutoka pale mhandisi wa usukani alipoutaka, ndiyo maana usukani ulikuwa unafuata kila mfereji wa lami na kumvuta mikono kila akifunga breki kwenye barabara isiyo sawa. Halafu tundu la kati la rimu lilikuwa milimita 73.1 likikaa kwenye habu, kitovu cha gari kinachoshika rimu, ya 56.1 bila ringi ya kujazia, rimu ikishikiliwa katikati na nati peke yake. Mtetemo alioniambia unaanza kwenye kilometa 90 ulikuwa huo.

Hayo yote yalitosha kueleza kwa nini gari limeharibika. Hayakutosha kuonyesha ni kipi kimeharibu kiasi gani, na bila hilo angenunua seti nyingine kwa kukisia vilevile. Kwa hiyo tulikwenda kwenye eneo la lami lililofungwa, tukachora kwa chaki duara lenye nusu kipenyo cha mita 30, tukaweka koni, na kulizunguka kwa mwendo wa juu kabisa ambao gari bado linafuata mstari. Ukijua nusu kipenyo na sekunde za mzunguko mmoja, nguvu ya kona inapatikana kwa hesabu moja: zidisha 39.5 kwa nusu kipenyo, gawanya kwa sekunde zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, halafu gawanya kwa 9.81. Jibu ni sehemu ya uzito wa gari ambayo matairi yanaweza kuisukuma pembeni. Tulizunguka pande zote mbili na kuchukua wastani.

Na rimu zake za inchi 18: sekunde 12.2, sawa na 0.81. Na magurudumu ya kiwandani, yale yenye nusu ya kashata, membamba zaidi kwa milimita 20: sekunde 11.9, sawa na 0.85. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniomba turudie. Tulirudia. Ilikuwa vilevile.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la spoti alikamate. Eneo la mpira linalogusa lami haliamuliwi hasa na upana wa tairi. Linaamuliwa na uzito na upepo. Gari hili likiwa na dereva ni kama kilo 1,315, robo yake ni kilo 329. Gawanya kwa upepo wa kilopaskali 240, yaani psi 35, unapata takriban sentimita za mraba 134 kwa kila tairi. Ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukiweka tairi pana kwa upepo uleule, kiganja hicho hakiongezeki sana, kinabadilika umbo: kinakuwa kipana na kifupi. Umbo hilo linasaidia kwenye kona, na tairi pana linastahimili joto vizuri zaidi, kwa hiyo linaruhusu mpira laini udumu. Lakini upana unabeba mpira, haugeuzi mpira mbaya kuwa mzuri. Viganja vinne vya mpira mgumu wa miaka sita vitashindwa na viganja vinne vya mpira hai, hata kama vya kwanza vimevalishwa rimu ya kifahari.

Nikamshauri asinunue rimu yoyote kwanza. Anunue matairi, ayafunge kwenye rimu za kiwandani, tupime.

Ukubwa tuliojadili ulikuwa wa aina mbili. 245/40R17 linapendwa sana na wanaokimbiza gari hili uwanjani, na kipenyo chake, milimita 628, kinakaribia kabisa kile cha kiwandani. Lakini tairi hilo linahitaji rimu ya angalau inchi 8, na linakaa vizuri kwenye 9. Kwenye inchi 7 ukuta wake ungebinywa ndani, kashata ingevimba katikati, na usukani ungekuwa kama wa mashua. Isitoshe, linaelea upesi zaidi juu ya maji. 225/45R17 linaruhusiwa kuanzia rimu ya inchi 7 mpaka 8.5, kipenyo chake ni milimita 634, ongezeko la asilimia 1.4 tu. Kwa mtu anayeendesha gari hilohilo kazini kila siku, mvua na jua, na kwenda uwanjani mara chache kwa mwaka, sikuona sababu ya kwenda zaidi ya hapo.

Aina ya mpira ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Alitaka matairi ya namba 200, aina ya Bridgestone Potenza RE-71RS au Yokohama Advan Neova AD09, kwa kuwa ndiyo anayoyaona uwanjani. Ni matairi makali kweli. Lakini yanataka joto ili yafanye kazi, yanapiga kelele, yanakwisha haraka, na yakianza kulika mifereji yake ya kutoa maji inakuwa haba. Nilimwuliza mwaka jana aliendesha siku ngapi uwanjani na siku ngapi kwenye mvua. Jibu lake ndilo lililoamua: tairi la spoti la majira ya joto lenye namba 300, lenye mifereji mikubwa minne ya kuzunguka. Kwa nchi zenye baridi kali ningeongeza onyo kwamba mpira wa aina hii huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7. Tuliangalia pia namba ya mzigo: la kiwandani ni 87, yaani kilo 545 kwa tairi, na jipya lilikuwa 94, kilo 670. Kupanda ni sawa. Kushuka chini ya ile ya kiwandani hakukubaliki.

Matairi mapya, rimu za zamani za inchi 7, upepo psi 35. Baada ya kuyaendesha kilometa mia mbili tatu yatoke utelezi wa kiwandani, tulirudi kwenye duara. Sekunde 11.5. Hiyo ni 0.91. Hakuna kingine kilichobadilishwa.

Pua bado ilikuwa inatangulia kuachia, lakini sasa ilitoa taarifa. Nilitembea na kipimajoto cha sindano, nikichoma mpira sehemu tatu mara tu gari liliposimama. Tairi la mbele la nje: bega la nje nyuzi 78, katikati 67, bega la ndani 58. Tofauti ya nyuzi 20 kwenye tairi moja inaeleza kila kitu. Saspensheni ya mbele ya gari hili ni ya nguzo moja, aina ya MacPherson, na gari likilala kwenye kona nguzo hiyo haiwezi kulirudisha tairi likae wima. Linalalia bega lake la nje, na nusu ya kiganja iko hewani au inagusa kwa kubembeleza. Tena hilo ndilo tairi linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote wakati huo, na mpira una tabia moja isiyosameheka: ukiuongezea mzigo mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Kwa hiyo kila sentimita ya mpira isiyogusa pale inaumiza kuliko kwingineko.

Dawa yake ilikuwa boliti mbili za kurekebishia mwinamo, ambao mafundi huuita kemba. Kutoka karibu sifuri tukaipeleka nyuzi 1.5 hasi kila upande mbele, na magurudumu yakapangwa upya yaelekee mbele sawasawa, kwa kuwa ukibadilisha mwinamo na mwelekeo nao unabadilika. Ukiacha hilo la pili, utakula matairi mapya ndani ya miezi.

Upepo ulihitaji uvumilivu. Kwa psi 35 tairi likiwa baridi, kila nyuzi 10 za joto huongeza kama psi 1.7, na baada ya mizunguko kadhaa tulikuta 41. Tairi lenye upepo mwingi hivyo linakuwa duara kama mpira wa miguu, katikati ikishika na mabega yakielea. Tuliushusha mpaka 37 likiwa la moto. Joto la bega la nje likawa 74, katikati 71, ndani 68, na duara likazungukwa kwa sekunde 11.3, yaani 0.95. Jioni hiyo, kabla hajatoka, nilimjazia upepo tena mpaka usomeke 35 matairi yakiwa yamepoa. Nilisisitiza hilo, na nalisisitiza hapa. Utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 juu ya matairi ya ndege ulionyesha kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea juu ya maji mengi unategemea kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa psi 35 mwendo huo ni kama kilometa 98 kwa saa. Kwa psi 28 ni kama 88. Tairi lenye kashata nzuri lina nafuu kuliko hesabu hiyo, lakini mwelekeo ni uleule, na upepo wa uwanjani haupaswi kupelekwa kwenye mvua ya barabarani.

Rimu alinunua baadaye, na sikumkataza. Inchi 17 ileile, upana 8, ofseti +45: ndani zinaongezeka milimita 9.7, nje 15.7, mgawanyo ambao shokapu na madigadi vinauvumilia, huku mstari wa kati ukihama milimita 3 tu. Ziliundwa kwa ukingo uliosukumwa kwa shinikizo, nyepesi kuliko za kawaida, na pamoja na tairi kila gurudumu lilikuwa kilo 18. Ringi za 73.1 kwenda 56.1 ziliwekwa siku hiyo hiyo. Kwenye duara: sekunde 11.2, yaani 0.96. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo kwa saa ya mkono naweza kuikosea. Kilichobadilika kweli ni usukani. Ukuta wa tairi la 225 kwenye rimu ya inchi 7 unabinyika kidogo kabla gari halijageuka. Kwenye inchi 8 umesimama wima zaidi, na gari linajibu mkono ukianza tu kusogea. Yeye alisema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo bila kujua jina lake, na namwamini.

Kulibaki jambo moja. Mbele ilipopata mshiko, mkia ukaanza kuachia mapema kwenye lami iliyolowa, akifungua mafuta kabla kona haijanyooka. Si ajabu, mizani ya gari ilikuwa imehama. Hatukugusa springi wala kitu kingine. Tulipunguza upepo wa nyuma psi 1, tukajaribu asubuhi moja baada ya mvua, na mkia ukatulia vya kutosha kwa mikono yake. Nati tulizikaza upya kwa spana ya kipimo baada ya kilometa 100, na ndani ya mlango wa dereva amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe: mbele 35, nyuma 34, asubuhi, kabla gari halijatembea.